Subaru ya namba: Usilipie kibao, lipia karatasi

Tumchukue mfanyabiashara wa viazi wa Ol Kalou, Kaunti ya Nyandarua. Misimu mitatu mfululizo imemwendea vizuri. Lori la kukodi limekuwa likiteremka Nairobi kila wiki, deni la mbegu limelipwa, na katika akaunti yake ya chama cha akiba na mikopo kuna Sh4.5 milioni ambazo hazina kazi ya haraka.

Nia yake ya kwanza ilikuwa kununua lori dogo lake mwenyewe, aache kuwatajirisha wenye malori. Kisha shemeji yake anamtumia picha kwa simu: Subaru Impreza ya buluu, rimu za rangi ya dhahabu, na ndani, karibu na gia, kibao kidogo cha chuma chenye namba. Muuzaji anasema magari ya aina hiyo yalitengenezwa mia chache tu, hayatatengenezwa tena, na bei yake haishuki kama ya magari mengine bali inapanda. Anataka Sh4.5 milioni taslimu.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini maneno ya muuzaji si mageni kwa mtu yeyote aliyewahi kuzunguka yadi za magari Nairobi au Mombasa. Ugumu wake ni kwamba si uongo mtupu. Yapo magari ya michezo yaliyotumika ambayo leo yanauzwa ghali kuliko siku yalipotoka kiwandani. Ndiyo maana maneno hayo huwanasa hata watu wanaojua kupiga hesabu ya gunia hadi senti ya mwisho.

Gari linalotajwa sana katika habari hizi ni Subaru Impreza 22B STi. Kampuni hiyo ya Japani ililitoa mwaka wa 1998 kuadhimisha miaka 40 ya kutengeneza magari, na pia kusherehekea kushinda ubingwa wa dunia wa watengenezaji katika mbio za magari mara tatu mfululizo, 1995, 1996 na 1997. Yaliuzwa 400 nchini Japani kwa takriban yeni milioni 5 kila moja, na inasimuliwa kwamba yalikwisha kwa muda wa siku mbili. Uingereza ilipata 16, Australia 5, na matatu yakawa ya majaribio.

Mojawapo ya hayo matatu, lililokuwa la dereva Colin McRae, liliuzwa mnadani Uingereza mwaka wa 2023 kwa pauni 480,500. 22B za kawaida nazo zimekuwa zikivuka dola 100,000 bila shida.

Mkenya hahitaji kuelezwa McRae ni nani. Alishinda Safari Rally mwaka wa 1997 akiendesha Impreza. Miaka mitatu kabla ya hapo, 1994, Patrick Njiru alikuwa amemaliza wa nne katika mashindano hayo hayo akiwa na Impreza, na watoto wengi waliosimama kando ya barabara ya vumbi kumpungia mkono ndio hawa walio na biashara zao leo. Mapenzi ya Subaru nchini hayakuletwa na matangazo ya televisheni peke yake.

Lakini mapenzi si bei. Bei ya 22B ilipandishwa na mambo yanayoweza kuhesabiwa, na mnunuzi anafaa kuyajua kabla ya kuamini kwamba kila Subaru yenye kibao itafuata mkondo huo.

Jambo la kwanza ni kwamba 22B haikuwa Impreza ya kawaida iliyopakwa rangi. Injini yake ilikuwa ya lita 2.2 badala ya 2.0. Mwili wake ulipanuliwa kutoka milimita 1,690 hadi 1,770, ukafanana na wa gari la mashindano. Springi na shokomzoba zilikuwa nyingine.

Jambo la pili linatoka mbali. Sheria ya Marekani huzuia magari ambayo hayakutengenezwa kwa viwango vya usalama vya nchi hiyo, lakini gari likitimiza miaka 25 zuio hilo huondoka. 22B ilitimiza miaka hiyo 2023. Ghafla matajiri wa nchi yenye soko kubwa wakaruhusiwa kuyagombea magari 400 na kidogo. Yeyote aliyeona bei ya parachichi ikibadilika soko jipya la ng'ambo linapofunguka anaelewa kilichotokea.

Sasa linganisha na matoleo mengine ya miaka hiyo. Nchini Uingereza, Impreza iliyoitwa Terzo ilitoka 1998 kwa idadi ya 333, na RB5, iliyopewa jina la dereva Richard Burns, ikatoka 1999 kwa idadi ya 444. Kwa idadi, hayo ni karibu sawa na 22B. Hata hivyo, tofauti yake na Impreza ya turbo ya kawaida ilikuwa zaidi katika rangi, rimu, viti na mapambo. Wapenzi wa Subaru wanayathamini, ila hayajawahi kuikaribia bei ya 22B.

Uchache peke yake, basi, haupandishi kitu. Kuku mwenye kilema naye ni mmoja tu kijijini.

Kwa STI zilizotengenezwa Japani, matoleo yenye uzito yanajulikana kwa majina yake. S201 ya mwaka wa 2000 ilikuwa 300. S202 ya 2002 ilikuwa 400. S203 ilikuwa 555 na S204 ikawa 600. S206 ya 2011 ilikuwa 300, S207 ya 2015 ikawa 400, na S208 ya 2017 ikafika 450. Kisha ikaja EJ20 Final Edition, magari 555 yaliyouzwa kwa bahati nasibu kuaga injini ya EJ20 iliyodumu tangu 1989. Namba 555 si ya bahati. Ni jina la sigara iliyofadhili timu ya Subaru katika miaka ya tisini.

Muuzaji anayesema tu kwamba gari ni "toleo maalumu" bila kutaja ni lipi kati ya hayo, ama hajui anachouza ama anajua vizuri sana.

NG'OMBE WAWILI, CHETI KIMOJA

Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa anaielewa hali hii kuliko mtu wa mjini. Mitamba wawili wa Friesian wanaweza kusimama bega kwa bega wakiwa na rangi moja na umbo moja. Mmoja ana cheti cha Kenya Stud Book kinachotaja baba yake na mama yake, pamoja na rekodi za maziwa ya mama. Mwingine ana maneno ya muuzaji. Bei zao hazilingani, wala hazifai kulingana, ingawa macho hayaoni tofauti.

Gari la namba ni vivyo hivyo. Kinachonunuliwa kwa ile pesa ya ziada ni ushahidi wa ukoo. Ukikosa ushahidi, umenunua Impreza kuukuu kwa bei ya gari la fahari.

Kibao chenyewe si ushahidi. Ni kipande cha chuma kilichokazwa kwa skrubu au kubandikwa, na vya kuigiza vinauzwa kwenye intaneti pamoja na stika, nembo na mabawa ya nyuma. Mwili mpana wa 22B nao huigizwa kwa vipande vya faiba vinavyofungwa kwenye Impreza ya kawaida. Mnunuzi anaweza kubeba futi ya fundi wa nguo na kupima kama upana unafika milimita 1,770, lakini kipimo hicho kitakamata feki za ovyo tu. Fundi aliyezigeza vizuri atakipita.

Ushahidi huanza na namba ya chasisi. Namba hiyo imegongwa kwenye chuma cha gari, na lazima ilingane na ya kwenye logibuku, na ya kwenye cheti cha Japani cha kufuta usajili ili gari liuzwe nje. Namba ya injini pia itazamwe. Injini nyingi za turbo zilizofanya kazi hapa nchini zimewahi kubadilishwa, na hilo si kosa kwa gari la kazi. Kwa gari la ukoo, injini iliyotoka kwenye Forester ni sawa na mtamba ambaye baba yake hajulikani.

Karatasi ya pili ni ile ya mnada. Magari mengi yaliyotumika huuzwa Japani kwa minada ya wafanyabiashara, na kabla ya kupigwa mnada mkaguzi huyatazama na kuandika anachoona. Nakala ya karatasi hiyo ni mali kubwa, na kuisoma si kazi ngumu hata kwa asiyejua Kijapani.

Kwanza kuna daraja. Gari la daraja la 4 au 4.5 lina hali nzuri, la 3.5 limechoka kiasi. Herufi R au RA maana yake gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Kisha kuna mchoro wa gari lililotandazwa kama ngozi ya mbuzi, wenye herufi kila mahali penye dosari. A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa. Namba inayofuata herufi huonyesha ukubwa wa dosari, kwa hivyo A1 ni afadhali kuliko A3.

Mnunuzi asome pia kilomita. Japani hukagua magari ya binafsi kwa lazima, mara ya kwanza baada ya miaka mitatu na kisha kila miaka miwili, na kilomita zilizosomwa wakati wa ukaguzi huonekana kwenye vyeti vya huko. Gari lililokuwa na kilomita 118,000 likiwa Osaka haliwezi kufika Nairobi na kilomita 74,000 ila kwa mkono wa mtu.

Karatasi za mnada nazo hughushiwa. Zipo kampuni ambazo, kwa ada ndogo, hutafuta rekodi halisi ya mnada kwa kutumia namba ya chasisi. Hizo ndizo pesa za kwanza za kutumia katika biashara hii, kabla ya amana na kabla ya nauli ya kwenda kulitazama gari.

HESABU YA MIAKA MINANE

Kenya hairuhusu gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8 kuingizwa nchini, na usukani lazima uwe upande wa kulia. Kuanzia Januari 1, 2026, gari linaloingia linafaa kuwa lilisajiliwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2019 au baadaye. Tanzania haikatazi magari makuukuu bali huyaongezea ushuru wa uchakavu, na Uganda ilipiga marufuku kuingiza magari ya zaidi ya miaka 15 tangu 2018.

Kanuni hiyo ya Kenya ni silaha ya mnunuzi, ingawa wachache huitumia. Chukua mwaka gari liliposajiliwa Japani, kisha tazama mwaka liliposajiliwa Kenya. S204 ya 2006 iliyoingia 2012 haina neno. S204 hiyo hiyo ikionekana kusajiliwa Kenya mwaka wa 2019, ina maswali. Huenda yapo maelezo halali, lakini mwenye kuyatoa ni muuzaji, na ayatoe kwa hati, si kwa mdomo. La sivyo, mnunuzi anaweza kujikuta na gari ambalo logibuku yake ni ya Impreza nyingine iliyopondeka zamani, na siku hilo likigunduliwa atapoteza gari na pesa.

Ndiyo maana 22B inayotangazwa leo kwa bei nafuu kando ya barabara inafaa kutiliwa shaka kabla ya kutiwa mafuta. Lililotoka 1998 lilikuwa na nafasi ya kuingia kwa njia ya kawaida hadi miaka ya katikati ya 2000, basi.

Kwa anayetaka kuagiza mwenyewe, mlango ulio wazi bado ni wa EJ20 Final Edition zilizosajiliwa 2020. Kanuni ikibaki ilivyo, zitaruhusiwa hadi mwisho wa 2027. Ila ushuru wa Kenya hupandiana kama magunia: ushuru wa forodha kwanza, kisha ushuru wa bidhaa juu yake, kisha VAT ya asilimia 16 juu ya vyote. Mamlaka ya KRA hukadiria thamani kwa orodha yake ya bei za magari mapya na kupunguza kulingana na umri, kwa hivyo risiti ya mnada pekee haimpi mnunuzi hesabu kamili. Wakala wa forodha aulizwe kabla ya kuinua mkono mnadani, si meli ikiwa imetia nanga Kilindini.

MIAKA MITANO GHALANI

Turudi Ol Kalou. Tuseme karatasi zote zimekutwa sawa, gari ni la kweli, na mfanyabiashara wetu analinunua kwa Sh4.5 milioni akinuia kuliuza baada ya miaka mitano. Je, bei ipande hadi wapi ndipo asipate hasara?

Tuseme pesa hizo zingemzalishia asilimia 10 kwa mwaka mahali pengine. Baada ya miaka mitano zingekuwa takriban Sh7.25 milioni. Bima kamili, tukiiweka asilimia 4 ya thamani, ni Sh180,000 kwa mwaka, yaani Sh900,000. Mafuta ya injini, betri, tairi zinazoharibika hata zikisimama, na mahali pakavu penye kufuli, tuweke Sh120,000 kwa mwaka, yaani Sh600,000.

Jumla ni Sh8.75 milioni. Gari lazima lipande bei karibu maradufu ili mwenyewe awe pale pale ambapo angekuwa bila gari. Viwango hivyo ni vya mfano, na kila mtu aweke vyake, lakini mwelekeo wa hesabu hautabadilika sana.

Kuna mtego pia katika bima. Mthamini asiyejua matoleo haya ataliandika kuwa Impreza ya mwaka fulani, na likiibwa au kuungua, fidia itakuwa ya Impreza ya mwaka huo. Mwenye gari anafaa kuafikiana na kampuni thamani ya gari kwa maandishi mapema, aambatanishe karatasi za ukoo, na asikubali maneno ya "tutaangalia wakati ukifika".

Isitoshe, hesabu hiyo inachukulia kwamba gari litakaa. Vijana wa nyumbani watataka kwenda nalo harusini. Na kila kilomita linayokwenda inatafuna thamani yake. Injini za STI zilizotengenezwa kwa soko la Japani zinataka petroli ya daraja la juu ya huko, yenye oktani karibu 100. Petroli ya super ya kawaida hapa nchini iko chini ya hapo. Injini ya turbo ikipewa mafuta hafifu na mguu mzito huanza kugonga ndani, na mwisho wake ni pistoni kupasuka. Kisha kuna barabara zenyewe. Bampa lililo chini namna ile halikutengenezwa kwa matuta ya Gilgil wala kwa tope la Kinangop mwezi wa Aprili.

Marekebisho nayo ni donda. Katika mitaa yetu, gari la Subaru ambalo halijafungwa ekzosi ya kelele huonekana kama halina mwenyewe. Kwa gari la ukoo, kila kilichotolewa, iwe rimu, viti au ekzosi ya kiwandani, kinafaa kuwa sandukuni na kwenda na gari linapouzwa. Kama muuzaji hana sanduku hilo, bei ishuke.

Swali gumu zaidi ni la mwisho: nani atalinunua? Wanaolipa bei zile za kutisha wako Japani, Uingereza na Marekani, na wanataka gari lenye rekodi isiyokatika. Gari lililokaa Kenya miaka kumi, likahudumiwa na mafundi watatu wasiotoa risiti, lina pengo katika historia yake. Kulisafirisha kurudi ng'ambo kuna gharama, na mnunuzi wa huko atalihesabu pengo hilo. Nairobi nayo ina wapenzi wa kweli wenye pesa, ila ni wachache, na mtu akitaka kuuza haraka ili anunue mbolea anaweza kuwasubiri miezi. Viazi huoza, lakini angalau soko lake liko kila asubuhi.

Lori dogo, kwa upande wake, litashuka bei kila mwaka bila aibu. Litakuwa limelipa kabla halijaisha.

Haya hayamzuii mwenye pesa zake kununua anachokipenda. Mtu aliyemwona Njiru akipita mwaka wa 1994, na ambaye tayari ana lori, karo imelipwa na shamba lina mbegu, ana haki ya kuweka Subaru ghalani na kuifuta vumbi kila Jumapili. Hiyo ni starehe, na starehe hugharimu. Hatari iko kwa yule anayeiita akiba.

Mfanyabiashara wetu akiamua kuendelea, amwombe muuzaji namba ya chasisi leo, na nakala za logibuku, cheti cha Japani na karatasi ya mnada. Atafute rekodi ya gari katika mamlaka ya usafiri ya NTSA kuona mmiliki ni nani na kama lina deni la benki. Aende na fundi wake mwenyewe, asiyejuana na muuzaji, gari likiwa limepoa, lisiwe limewashwa kabla hawajafika, maana injini baridi haifichi moshi wala mgongano. Malipo yapitie benki kwa jina lililo kwenye logibuku, na uhamisho wa umiliki ufanyike siku hiyo hiyo.

Na muuzaji akisema namba ya chasisi hutolewa baada ya amana, shemeji aambiwe asante kwa picha, na pesa ziende kwenye lori na mbegu ya Shangi kabla mvua ya Machi haijaanza.